Kazi ya Mwenzi Mtu Anapoacha Pombe

Utegemezi wa pombe ni hali ambayo mtu hawezi tena kupanga aanze kunywa lini, aishie wapi na aache siku gani, na huendelea kunywa hata pale anapoiona hasara kazini, nyumbani na mwilini mwake. Mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 unataja dalili 11. Mwenye dalili mbili au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa na tatizo, na mwenye sita au zaidi amefika hatua kali. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu milioni 400 duniani wana tatizo hilo, na kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019.

Kliniki nyingi huanza na dodoso la AUDIT, lenye maswali 10 na alama 0 hadi 40. WHO ililijenga kwa utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, na alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wa hatari. Ugumu wake katika Afrika Mashariki uko kwenye vipimo. Dodoso linachukulia kwamba kipimo kimoja kina gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo anayesema alikunywa "bia nne tu" amekunywa vipimo vinane. Mbege, ulanzi, busaa na mnazi hubadilika ukali kadiri vinavyochachuka, na gongo au chang'aa haina lebo kabisa. Hapo ndipo mwenzi anapoingia kwenye matibabu kwa mara ya kwanza, kabla hata ya neno la kufariji: yeye ndiye anayejua kopo lilikuwa kubwa kiasi gani, mtu alirudi saa ngapi, na kama asubuhi mikono ilitetemeka mpaka alipozimua. Mnywaji anayekubali mwenzi wake aketi naye mbele ya daktari hutibiwa kulingana na hali yake ilivyo. Anayekwenda peke yake mara nyingi hutibiwa kulingana na anavyokumbuka, na pombe si rafiki wa kumbukumbu.

Habari ya kuzimua asubuhi si ndogo, kwa sababu ndiyo inayomwonya daktari kwamba kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, na hudhoofisha kazi ya glutamati, inayouchangamsha. Ubongo ulioishi na pombe kila siku kwa miaka hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa kile kinachotuliza na kuuongeza kwa kile kinachochangamsha. Pombe inapokatika, huachwa umechangamka kupita kiasi bila cha kuutuliza. Ndani ya saa 6 hadi 12 mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, tumbo huchafuka na usingizi hupaa. Kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nacho, kinaweza kutokea kati ya saa 6 na saa 48. Wengine huona maruweruwe. Kati ya saa 48 na 96 wachache huingia katika hali mbaya kuliko zote: homa, kuweweseka, shinikizo la damu kupanda, kutojua walipo wala kuwatambua watu wa nyumbani. Zamani hali hiyo iliua hadi theluthi moja ya walioipata. Ikitibiwa mapema, huua chini ya mtu mmoja kati ya 20.

Kwa sababu hiyo, ule ushauri wa mtaani kwamba mlevi afungiwe chumbani siku tatu mpaka pombe imtoke ni ushauri unaoweza kuua. Kumpeleka kwenye mfungo mkali kuna hatari yake pia. Wanywaji wengi wa muda mrefu wamepungukiwa thiamini, yaani vitamini B1, na upungufu huo ukizidi huleta ugonjwa ambao Carl Wernicke aliueleza mwaka 1881: akili kuchanganyikiwa, macho kushindwa kwenda sawasawa, na mwendo wa kuyumba. Mgonjwa wa aina hiyo hufanana kabisa na mtu aliyelewa, na huweza kurudishwa nyumbani akalale. Kauli moja ya mke au mume, kwamba mtu huyu hajaonja pombe tangu juzi, hubadilisha mwelekeo wa matibabu yote. Thiamini ikichelewa, kumbukumbu inaweza kuharibika moja kwa moja.

Matibabu ya siku za kwanza za kuacha yanajulikana na hayahitaji hospitali ya rufaa kila mara. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2010 uliandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili. Daktari hutoa diazepamu kwa dozi inayopungua siku hadi siku kwa takriban wiki moja, au lorazepamu ikiwa ini limechoka, pamoja na thiamini, ambayo mgonjwa aliyedhoofika hudungwa kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari. Aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka alipoacha zamani hulazwa, na asikate pombe ghafla kabla hajamwona daktari. Wengine huweza kutibiwa nyumbani, lakini kwa sharti kwamba awepo mtu mzima, asiyelewa, atakayekaa nao. Kazi ya mtu huyo ni fupi na wazi: kutoa dawa kwa saa zake, kuhakikisha mgonjwa anakunywa maji na kula, na kumkimbiza hospitali akianguka kifafa, akianza kuongea na wasioonekana, au akitapika bila kukoma. Vidonge vikae mkononi mwa mwenzi, kwani diazepamu ikikutana na pombe huweza kuzima pumzi. Kuinunua kimyakimya duka la dawa ili "kumtuliza" mtu ambaye bado anakunywa ni kosa kubwa.

Wiki ya kwanza ikipita, mwili hutulia. Nyumba haitulii kwa kasi hiyo. Katika miaka ya ulevi mwenzi huwa amejipatia kazi ambazo hakuna aliyempa: kulipa deni la glosari, kumpigia bosi simu kuwa bwana ana malaria, kukagua mifuko, kunusa pumzi mlangoni, kumwaga chupa, kuwaambia watoto baba amechoka. Kazi hizo zimezaliwa na hofu na mapenzi pamoja, na kila moja ilikuwa na sababu yake siku ilipoanza. Zikijumlishwa, nyumba hugeuka mahali penye askari na mtuhumiwa. Mtuhumiwa akitangaza kwamba ameacha, askari hana sababu ya kuamini. Ameyasikia hayo kila mwaka mpya.

Kwa upande wa anayeacha, kukubali mkono wa mwenzi kunagusa cheo chake. Mwanaume anayeulizwa na mkewe kama amemeza dawa hujiona amerudishwa utotoni. Wenzake wakijua, Tanzania watasema amepewa limbwata. Kenya watasema amekaliwa chapati. Yuko pia anayeukataa msaada kwa sababu iliyo kinyume: anajua alichoiharibia nyumba, na wema wa mke unamwongezea deni asiloweza kulilipa. Aibu ya namna hii haiondolewi kwa kuambiwa ajikaze. Hupungua pale msaada unapokuwa na ukubwa unaojulikana, saa yake na mwisho wake, na pale yeye mwenyewe anaposhiriki kuupanga.

Wataalamu walichelewa kulitambua hilo, na kwa muda mrefu walimtazama mke wa mlevi kama sehemu ya ugonjwa. Mwaka 1953 Thelma Whalen, mshauri wa familia nchini Marekani, aliwagawa wake hao katika aina nne na kuzipa majina ya kejeli, akiona kwamba kila aina humchagua mlevi ili kutimiza haja yake ya ndani. Mwaka uliofuata mwanasosholojia Joan Jackson alichapisha maelezo tofauti na yenye haki zaidi: familia hupitia hatua, kuanzia kukana tatizo hadi kujipanga upya, na tabia za mke zinazoonekana za ajabu ni namna ya kuvuka msukosuko. Kabla yao wote, wake wenyewe walikuwa wameanza kukutana. Lois Wilson, ambaye mumewe Bill alikuwa mmoja wa waasisi wawili wa Alcoholics Anonymous mwaka 1935, alishiriki kuunda Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi. Al-Anon ilimwambia mwenzi kwamba hakuusababisha ulevi, hawezi kuutawala, na hawezi kuuponya. Maneno hayo yamewatua wengi mzigo wa lawama. Hayakuwaambia, hata hivyo, kama kuna jambo lolote dogo wanaloweza kulifanya likasaidia.

Jibu lilitoka kwa wanasaikolojia waliopenda kuhesabu vitendo kuliko kuchambua nafsi. Katika miaka ya 1970 Nathan Azrin, huko Illinois, alijenga tiba iliyolenga kuyafanya maisha ya kiasi yawe na faida zaidi kuliko ya ulevi: kazi, marafiki, ndoa. Timothy O'Farrell, katika hospitali ya askari wastaafu huko Brockton, Massachusetts, aliipeleka mbele kwa wanandoa. Tiba yake, inayowataka wote wawili wahudhurie kwa wiki 12 hadi 20, imejengwa juu ya mkataba wa kila siku ambao watu wakiusikia mara ya kwanza huuona wa kitoto.

Mkataba wenyewe uko hivi. Kila siku, kwa saa waliyokubaliana, wawili huketi kwa dakika chache. Anayeacha husema kwamba hajanywa kwa saa 24 zilizopita na kwamba amekusudia kutokunywa kwa saa 24 zijazo, kisha humshukuru mwenzi kwa kumsikiliza na kumuunga mkono. Mwenzi hujibu kwa kumshukuru kwa siku hiyo, na huuliza kama kuna msaada wowote atakaouhitaji kesho. Kama kuna dawa, humezwa hapo hapo mbele yake, na siku huwekwa alama kwenye kalenda. Basi. Sharti gumu linafuata: nje ya mazungumzo hayo na nje ya chumba cha mshauri, mwenzi hazungumzii ulevi wa zamani wala hofu ya ulevi ujao. Hamtupii mtu harusi ya mdogo wake aliyoiharibu miaka sita iliyopita. Hasira hiyo haifutwi. Hutunzwa kwa ajili ya siku ya ushauri, ambako kuna mtu wa tatu wa kuizuia isigeuke moto.

Sharti hilo la kunyamaza lina uzito mkubwa. Linamwondolea anayeacha kisingizio cha kale, kwamba amekunywa kwa sababu ya maneno ya nyumbani. Linamwondolea mwenzi ukaguzi wa mifuko, maana sasa swali lina saa yake na jibu lake. Na linampa kila mmoja kitu cha kufanya badala ya kitu cha kuhisi, jambo linalofaa katika miezi ambayo hisia hazijakaa sawa. Ikumbukwe kuwa usingizi wa aliyeacha unaweza kusumbua kwa miezi, na hasira za karibukaribu ni kawaida. Mwenzi asiyejua hayo hudhani mtu alikuwa mpole zaidi alipokuwa akinywa.

Sehemu nyingine za tiba ni nyepesi kuzieleza: kila mmoja kutaja jema alilolifanya mwenziwe siku hiyo, kurudisha matembezi au shughuli ya pamoja isiyo na pombe, kujifunza kusikiliza bila kudakia. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2011 unapendekeza tiba ya wanandoa, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 12, kwa wenye utegemezi mdogo ambao mwenzi wao yuko tayari. Si lazima atakayeiongoza awe daktari. Eldoret, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wahudumu wasio na shahada za saikolojia waliweza kuendesha kwa Kiswahili vikao vya ushauri wa kuacha pombe kwa watu wenye VVU. Vikao vile vilikuwa vya vikundi na havikuwa vya wanandoa, lakini vimejibu swali la nani anaweza kufundishwa kazi hii mahali penye wanasaikolojia wachache.

Dawa ndiyo sehemu ya mkataba inayozua migogoro mingi. Disulfiramu iligunduliwa kuwa na kazi hii nchini Denmark katika miaka ya 1940, pale Erik Jacobsen na Jens Hald, waliokuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo, walipoimeza wenyewe kisha wakanywa pombe na kuugua. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetaldehaidi, sumu inayotokana na pombe. Atakayekunywa hupata uso mwekundu au wa moto, kichwa kugonga, kutapika, moyo kwenda mbio. Ikimezwa bila mtu wa kushuhudia, haina tofauti kubwa na kutoimeza, kwa kuwa siku ya hamu mtu huiacha tu. Faida yake huonekana pale inapomezwa mbele ya mwenzi kwa makubaliano.

Neno makubaliano hapa ni la kuzingatiwa. Wapo wanaoambiwa waiponde na kuitia kwenye chai au uji wa mume bila yeye kujua. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa kwa namna hiyo, na aliyelewa asubuhi hatakiwi kuipata kabla ya saa 12 angalau kupita tangu kinywaji cha mwisho. Athari yake hubaki mwilini hadi siku 14, kwa hiyo hata aliyeiacha Jumatatu si salama Ijumaa. Mume akigundua, naye hugundua, imani iliyokuwa imebaki huisha, na hakuna mkataba utakaoandikwa tena katika nyumba hiyo. Dawa nyingine mbili, naltreksoni na akamprosati, hazimfanyi mtu augue akinywa. Ya kwanza hupunguza raha ya pombe na ya pili hupunguza hamu baada ya kuacha. WHO iliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023.

Yote haya yanahitaji mtu aliyekwisha kusema anataka kuacha. Kwa yule anayekataa hata kwenda kliniki, kazi ya mwenzi ni tofauti, na imechunguzwa vizuri. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1999, ndugu 130 wa wanywaji waliokataa tiba waligawanywa katika makundi matatu. Waliofundishwa njia ya Robert Meyers wa New Mexico walifaulu kumleta mnywaji kwenye tiba kwa asilimia 64. Waliofundishwa kumkusanyia ukoo na kumkabili walifaulu kwa asilimia 30, na walioelekezwa kufuata njia ya Al-Anon, ambayo kwa haki haikukusudiwa kumleta mtu kwenye tiba, kwa asilimia 13. Njia ya Meyers haina ukali. Mtu akiwa hajanywa, mwenzi huwa naye karibu: chakula anachokipenda, maongezi, ucheshi. Akilewa, mwenzi hujiondoa bila ugomvi na hatengenezi kilichoharibika. Bosi hapigiwi simu, deni halilipwi. Ombi la kwenda kutibiwa hutolewa siku mtu mwenyewe anapouona uchungu, kwa maneno machache, na nafasi kliniki ikiwa imekwisha kuulizwa. Mikutano ya wazee, inayopendwa sana kwetu, huwa na nafasi yake baadaye, kwenye kusimamia kilichokubaliwa. Ikianza mapema huzaa zaidi aibu kuliko uamuzi.

Mnywaji akiwa mwanamke, mambo hubadilika. Aibu ni kubwa zaidi, unywaji ni wa kujificha, na waume wengi huondoka au humrudisha kwao. Hata hivyo tiba ya pamoja inafaa: Barbara McCrady na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliohusu wanawake 102, waliona kuwa waliotibiwa pamoja na wenzi wao walifanya vizuri kuliko waliotibiwa peke yao.

Kuna pia nyumba ambazo pombe ndiyo ada ya watoto. Mke anayepika gongo au kuchachusha mbege hawezi kuambiwa tu aitoe nyumbani bila kuzungumza habari ya kipato, na mshauri asiyeuliza swali hilo atakuwa akiandaa mkataba wa nyumba nyingine. Nyumba isiyo na biashara hiyo inakutana na matanga, mahari na ubarikio, ambako kukataa kibuyu huonekana kuwatenga wenzako. Wawili hupanga kabla ya kwenda: nani atajibu wakikaribishwa, watakunywa nini, watakaa muda gani, na ishara gani itamaanisha waondoke.

Kunywa tena baada ya kuacha hutokea mara nyingi, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na mkataba mzuri hulitaja jambo hilo kabla halijatokea. Anayeteleza hutoa taarifa siku hiyo hiyo, mwenzi hasomi orodha ya makosa, na mshauri hupigiwa simu ndani ya saa 24. Mwenzi akiwa naye ni mnywaji, tiba ya wanandoa haianzi mpaka naye akubali kuacha.

Tiba hiyo haianzi pia mahali penye kipigo kinachoumiza au mke anayemwogopa mumewe. Hapo kila mmoja huonwa peke yake, usalama hutangulia, na Tanzania madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi hupokea mashauri hayo. Kwa wengine, vikao vya kila wiki vikiisha, O'Farrell aliongeza vikao 15 ndani ya mwaka uliofuata, vikitengana zaidi kadiri muda ulivyokwenda. Waliovipata walikaa siku nyingi zaidi bila pombe na waliendelea zaidi na dawa zao kuliko wale ambao tiba yao iliishia kwenye miezi ya mwanzo.